Seli za Kinga katika Majimaji ya Mwili wa Kiti cha Pweza Mla Matumbawe

Mwanafunzi wa sekondari aliyezaliwa na kukulia Kihonda, mbele ya safu ya milima ya Uluguru, huenda akamaliza masomo yake ya biolojia bila kumwona kiti cha pweza aliye hai hata siku moja. Kutoka Morogoro hadi pwani ya Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 190 kwa barabara. Akionacho ni picha ya kitabuni, au mfano mkavu uliokwisha kupoteza rangi ndani ya kabati la maabara. Na ajifunzacho ni majina ya sehemu za mwili, ya kuchorwa na kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Jambo hili ni la kusikitisha, kwa kuwa ilikuwa katika mnyama huyo huyo kwamba mwanadamu alitambua kwa mara ya kwanza jinsi seli zinavyoweza kuulinda mwili kwa kumeza kitu kigeni.

Isitoshe, Kihonda haiko mbali na bahari kama barabara inavyoonyesha. Mto Ngerengere hupokea maji ya Uluguru, hupita bwawa la Mindu na pembezoni mwa mji, kisha huungana na Mto Ruvu. Na Ruvu humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Udongo unaomomonyoka katika mteremko uliolimwa bila matuta, pamoja na mbolea isiyotumiwa na mimea, hufuata njia hiyo hiyo. Yatokeayo baharini baada ya hapo yanamhusu kiti cha pweza, kama itakavyoonekana.

Mnyama mwenyewe

Kiti cha pweza anayezungumzwa hapa si yule mwenye mikono mitano anayeokotwa ufukweni. Huyu huitwa na wataalamu Acanthaster, na kwa lugha nyepesi twaa jina la taji la miiba. Mikono yake hufika 20 na hata kuzidi kidogo, upana wake kwa kawaida ni sentimita 25 hadi 35, na mgongo wake wote umefunikwa na miiba yenye sumu ambayo urefu wake huweza kufika sentimita 4 au 5. Kwa muda mrefu wote walihesabiwa kuwa spishi moja, Acanthaster planci. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ni makundi manne yaliyoachana zamani sana, mawili kati yake yakiwa ya Bahari ya Hindi.

Chakula chake ni matumbawe. Mnyama hupanda juu ya tumbawe, hulitoa tumbo lake nje kupitia kinywani, hulitandaza, na kumeng'enya nyama ya tumbawe hapo hapo. Aondokapo huacha kiunzi cheupe cha chokaa. Mnyama mmoja mzima huweza kumaliza mita za mraba kadhaa za matumbawe kwa mwaka. Wakiwa wachache mwamba huvumilia, na hata hufaidika, maana mara nyingi hupenda matumbawe yale yakuayo upesi na kuwaachia nafasi yale ya polepole. Wakiwa maelfu, mwamba hufa. Na mwamba ukifa, samaki huhama, na mvuvi wa ngalawa hupoteza soko lake.

Katika Zanzibar jambo hili si nadharia. Miamba ya karibu na mji wa Unguja, ambayo ilikuwa imekwisha kuumizwa na joto la bahari la mwaka 1998, ilipata wanyama hawa kwa wingi usio wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, walinzi ambao baadhi yao hapo awali walikuwa wavuvi waliifanya kazi ya kuwatafuta na kuwaondoa mmoja mmoja kuwa sehemu ya wajibu wao.

Kwa nini huongezeka ghafla? Jike moja kubwa hutoa mayai mamilioni kwa mamilioni katika msimu mmoja. Mabuu yake huelea majini kwa majuma kadhaa yakila mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1982 Charles Birkeland alitoa hoja kwamba mvua kubwa inayofuata ukame huipeleka rutuba ya nchi kavu baharini, mimea hiyo midogo huongezeka, na mabuu mengi kuliko kawaida hunusurika njaa. Hoja hiyo ilitokana na visiwa vya Pasifiki, na si haki kuihamishia Ruvu bila vipimo. Hata hivyo yatosha kumfanya mwanafunzi wa Kihonda autazame mto wake wa masika, mwekundu kwa udongo, kwa jicho jingine. Wengine huelekeza lawama kwa upungufu wa maadui wa mnyama huyu, hasa konokono yule mkubwa wa baharini ambaye gamba lake huuzwa kwa watalii. Yawezekana sababu zote mbili ni za kweli, kila moja kwa mahali pake.

Majimaji yasiyo damu

Kiti cha pweza hana moyo wa kusukuma damu, wala hana damu kwa maana ya kawaida. Kati ya ukuta wa mwili na matumbo yake mna uwazi mpana uitwao selomu, uliojaa majimaji. Majimaji haya ni angavu, na chumvi zake ni karibu sawa na zile za maji ya bahari yenyewe. Mnyama huyu hana uwezo wa kuzirekebisha, ndiyo maana haingii mitoni. Vinyweleo vidogo sana vilivyo katika utando wa ndani huyatikisa na kuyazungusha bila kukoma, na kwa njia hiyo hewa na chakula huzifikia sehemu zote.

Ndani ya majimaji hayo huelea seli ziitwazo selomositi. Kwa kiti cha pweza wa kawaida wa bahari za Ulaya, mililita moja huweza kuwa na seli milioni moja na zaidi. Sehemu kubwa kabisa ni fagositi, yaani seli zenye kumeza. Fagositi iliyotulia huonekana kama ua lenye petali: tando nyembamba zimeizunguka na kucheza cheza. Ikipata habari ya jeraha au ya kitu kigeni, huzikunja tando zile na kutoa nyuzi ndefu kama miguu ya buibui. Nyuzi za seli moja hushikana na za jirani yake, na mara hufanyika bonge. Hivi ndivyo mnyama azibavyo jeraha. Katika binadamu damu huganda hasa kwa protini iliyoyeyuka katika utegili wa damu. Hapa ni seli zenyewe ndizo zinazokuwa kizibo. Kazi hiyo huhitaji kalsiamu, na mtafiti anayetaka kuzihesabu seli kabla hazijashikana hutanguliza ndani ya sindano yake kemikali ya kuifunga kalsiamu.

Kitu kidogo, kama bakteria, humezwa na seli moja. Kikiwa kikubwa, seli nyingi hukizunguka na kukifungia kama katika mfuko. Na mzigo huu huenda wapi? Mwaka 1888 Mwingereza Herbert Durham alieleza jinsi alivyoingiza chembe za rangi katika mwili wa kiti cha pweza, na jinsi seli zilizozimeza zilivyosafiri hadi katika vifuko vidogo vya ngozi vya kuvutia hewa, zikapenya, zikatoka nje pamoja na mizigo yao. Seli hizo hazirudi. Askari hubeba adui akafia naye nje ya boma, na nafasi yake huchukuliwa na wengine wanaozaliwa, kwa kadiri ijulikanavyo, katika utando unaouzunguka uwazi wa mwili.

Mwiba wa waridi huko Messina

Durham hakuwa wa kwanza. Mwezi Desemba 1882 Elie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, alikuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, baada ya kuacha kazi yake ya chuo kikuu. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama maonyesho ya sarakasi, naye akabaki peke yake na hadubini, akichunguza mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake ni kama kioo. Aliona seli zikitembea ndani yake. Akajiuliza: kama seli hizi ni za ulinzi, je, hazitakizunguka kitu kigeni kikiingia mwilini? Alichuma miiba ya waridi bustanini, akaichoma chini ya ngozi ya mabuu yale, akasubiri usiku kucha. Asubuhi miiba ilikuwa imezingirwa na seli.

Walimu hawana budi kusisitiza mambo mawili hapa. La kwanza, jaribio lile halikugharimu kitu. La pili, Metchnikoff alikuwa na swali kabla ya kuwa na mwiba. Wengi waliomtangulia walikwisha kuziona seli zenye vitu ndani yake, nao walidhani zinakula tu au zinasambaza ugonjwa. Ubishi na wale walioamini kwamba kinga imo katika majimaji ya damu peke yake uliendelea kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 iligawanywa kati yake na Paul Ehrlich, aliyekuwa upande wa pili, na haikuwa suluhu ya bure, maana katika binadamu njia zote mbili zipo na husaidiana.

Kiti cha pweza yeye hana kingamwili za aina tulizo nazo binadamu, wala limfositi za kuzitengeneza. Lakini si kweli kwamba seli zake ni vipofu. Mwaka 1972 Hildemann na Dix walieleza kwamba kiti cha pweza wa bahari za joto hukipokea kipande cha ngozi yake mwenyewe kilichohamishwa, na hukikataa, ingawa polepole, kipande cha ngozi ya mwenzake wa spishi ile ile. Basi huijua nafsi yake. Na vinasaba vya ndugu yake, yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba anayewachoma waogeleaji nyayoni, viliposomwa mwaka 2006, zilikutwa jeni 222 za vipokezi vya kuwatambua vijidudu vya jamii iitwayo Toll, ambavyo binadamu ana kumi hivi. Asiye na kingamwili amejiwekea walinzi wa mlangoni wengi zaidi.

Wanapokuwa wengi mahali pamoja

Mkulima wa mahindi wa mkoa wa Morogoro anawajua viwavijeshi. Viwavi hao wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au ya majani makavu, hujificha, na mtu huweza kupita asiwaone. Wakisongamana hugeuka weusi, nao huenda kwa makundi wakila kila jani. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba mabadiliko hayo si ya rangi tu: kiwavi mweusi aliyelelewa katika msongamano huhimili kirusi kiwauacho viwavi kuliko ndugu yake aliyelelewa peke yake. Maana yake ni rahisi kufahamu. Msongamano huleta maambukizo. Kwa hiyo kiumbe ambaye maisha yake hupitia vipindi vya uchache na vipindi vya wingi hufaidika akiongeza silaha zake mara aonapo jirani wengi, kabla hata ugonjwa haujafika.

Swali likafuata kama ndivyo ilivyo kwa kiti cha pweza mla matumbawe, naye ambaye huishi ama kwa uchache ama kwa makundi makubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la elimu ya matumbawe uliwatazama wanyama hawa kwa kipimo cha seli za kinga katika majimaji ya selomu, na matokeo yake yaliunga mkono wazo hilo la kujihami kabla.

Jambo hili lina uzito wa kivitendo. Mara kwa mara husikika maoni kwamba hakuna haja ya kuhangaika, kwa kuwa kundi likizidi maradhi yatalipunguza. Maoni hayo yana ukweli kiasi fulani, maana makundi haya huanguka hatimaye kwa njaa na kwa ugonjwa. Lakini ikiwa wanyama waliosongamana ndio wenye seli za ulinzi zilizo tayari zaidi, basi anayeusubiri ugonjwa huenda akasubiri mpaka tumbawe la mwisho liwe limekwisha kuliwa. Walinzi wa Chumbe hawakusubiri.

Nyongo na siki

Njia ya kuwaokota kwa mkono ni salama kwa mwamba, lakini ni ya polepole na miiba huumiza. Kuwakatakata ni kosa, kwa kuwa mnyama aliyekatwa huweza kupona. Katika Pasifiki palitumiwa kwanza sindano za kemikali kali, ikiwamo salfeti ya shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe wengine wa mwamba. Baadaye palitokea ugunduzi wa kutia moyo, nao ulitokana na kuichunguza kinga ya mnyama. Watafiti walimdunga kiti cha pweza virutubisho vya maabara vya kuoteshea bakteria, wakitumaini kuwaamsha bakteria wa mwili wake. Wanyama walikufa upesi. Kuchunguza kwa makini kulionyesha kwamba chumvi za nyongo, zilizomo katika virutubisho hivyo, peke yake zatosha kuua. Tangu hapo mililita 10 za mchanganyiko wa gramu 8 za nyongo ya ng'ombe iliyokaushwa kwa lita moja ya maji, kwa sindano moja tu, hutosha kumwua mnyama mmoja. Nyongo huyeyusha mafuta. Na utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Seli zikipasuka, mnyama hulegea, miiba hulala, ngozi huvunjika vunjika.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hata siki ya kawaida ya jikoni humwua ndani ya saa 48. Hapa sababu inahusiana na lile lililosemwa juu ya chumvi: mnyama asiyeweza kuyarekebisha majimaji yake hana pa kukimbilia asidi inapoingia. Kwa nchi za pwani ya Afrika Mashariki, ambako kemikali za kuagiza ni ghali, siki na nyongo ni habari njema. Lakini sindano haiondoi chanzo, na mwenye kuua wanyama elfu moja huku mto ukileta rutuba ileile kila masika amejipatia kazi ya kudumu.

Ugonjwa uliofichika katika majimaji

Tangu mwaka 2013 viti vya pweza wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini walikufa kwa ugonjwa wa kuyeyuka mwili. Spishi zaidi ya 20 ziliguswa. Mmoja wao, Pycnopodia, mwenye mikono mingi kama Acanthaster ila ni mla viumbe wenye miiba na si matumbawe, alipungua kwa zaidi ya asilimia 90; hao aliokuwa akiwala wakaongezeka na kufyeka misitu ya mwani. Kisababishi kilitafutwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mara moja alishukiwa kirusi, bila kuthibitika.

Jibu lilitangazwa mwaka 2025: ni bakteria, Vibrio pectenicida. Alipatikana pale watafiti walipoyalinganisha majimaji ya selomu ya wanyama wazima na ya wagonjwa. Majimaji ya mgonjwa yalipoingizwa katika mnyama mzima, naye aliugua. Yalipochemshwa kwanza, hakuugua. Mwalimu anayetafuta mfano wa jaribio lenye kidhibiti hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kazi ya maabara kwa shule zisizo na bahari

Selomu si mali ya viti vya pweza peke yao. Nyungunyungu wa udongoni anayo, na seli zake za kinga hufanya kazi inayofanana. Kazi ifuatayo yahitaji hadubini ya kukuza mara 400, na yaweza kumalizika katika vipindi viwili.

Yafaa kumtumia nyungunyungu wa mboji au wa samadi. Baadhi ya nyungunyungu wa Afrika hawana vitundu vya mgongoni ambavyo majimaji hutokea, na kwa hao jaribio halifanyi kazi. Mnyama aoshwe, alazwe siku moja juu ya karatasi yenye unyevu ili matumbo yatoke udongo. Mwalimu ayeyushe gramu 0.85 za chumvi katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Katika sehemu ya maji hayo atie alikoholi iwe asilimia 5, na kumweka nyungunyungu katika mililita 3 za mchanganyiko huo kwa dakika moja hadi tatu. Majimaji mazito ya rangi ya maziwa au ya njano yatatoka mgongoni. Nyungunyungu aoshwe mara moja na kurudishwa udongoni. Kwa kawaida hupona.

Tone la majimaji liwekwe juu ya kioo pamoja na tone la maji ya chumvi yasiyo na alikoholi, kisha lifunikwe. Seli zenye punje za njano zitaonekana kwanza, nazo si zinazotafutwa. Zinazotafutwa ni zile zisizo na rangi, zinazobadili umbo polepole. Kioo cha pili kitiwe kiasi kidogo cha hamira iliyochanganywa na maji ya chumvi, kikae nusu saa ndani ya sahani yenye pamba mbichi ili kisikauke. Kwa bahati njema chembe za hamira zitaonekana ndani ya seli. Kioo cha tatu kifanywe kama cha pili, ila majimaji yawe yamepashwa moto hadi nyuzi 60 kwanza.

Mwisho, mwanafunzi apate nyongo mbichi ya ng'ombe buchani, aizimue kwa maji ya chumvi mara kumi, na kuingiza tone lake ukingoni mwa kioo cha kwanza huku mwenzake akitazama katika hadubini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Maswali

1. Kwa nini kioo cha tatu ni cha lazima? Bila hicho, ni maelezo gani mengine yangeweza kutolewa kwa hamira iliyoonekana ndani ya seli?

2. Nyongo hutengenezwa katika mwili wa ng'ombe mwenyewe. Ni nini kinachozuia seli za ng'ombe zisipasuke?

3. Chora njia ya maji kutoka chanzo kimoja cha Uluguru hadi baharini. Katika sehemu zipi za njia hiyo rutuba ingeweza kupimwa, na katika miezi gani?